Watumwa wa Marekani waliachiwa huru mwaka 1865: mbona walibaki kwenye pamba ileile?

Mwalimu wa Bwera

Salamu kwenu nyote. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari karibu na mpaka wa Mpondwe, magharibi mwa Uganda, na wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu ipasavyo. Tulikuwa tukisoma kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865. Nilikuwa nimekwisha kuwaeleza kwamba mwaka 1860 watumwa nchini humo walikaribia milioni 4, kwamba tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza kuwaachia huru wale wa majimbo yaliyoasi, na kwamba Desemba 1865 utumwa ulifutwa katika katiba yenyewe kwa rekebisho la 13. Binti huyo, ambaye wazazi wake wanalima pamba huku kwetu Kasese, akasimama akasema: “Mwalimu, kama waliachiwa huru, na kazi waliyoijua ni pamba, na pamba ilikuwa na wanunuzi dunia nzima, mbona hawakulima yao wakajitajirisha? Babu yangu alilima ekari mbili tu, akaezeka nyumba mabati.”

Nilitaka kumjibu haraka kwa kutaja ubaguzi wa rangi, nikajizuia. Jibu hilo lina ukweli, ila halimwoneshi mtoto namna jambo lilivyofanyika, maana ubaguzi peke yake haumzuii mtu kuotesha mbegu. Lazima palikuwa na utaratibu fulani, wenye karatasi na hesabu na mtu wa kuusimamia, na huo ndio ninaoutafuta.

Ninachokifahamu vizuri ni sehemu ya mwanzo. Pamba ya nyuzi fupi, ambayo ndiyo iliyostawi bara, mbali na pwani, ina mbegu zinazong'ang'ania nyuzi kiasi kwamba mtu akiichambua kwa vidole alipata takriban ratili moja (karibu nusu kilo) ya pamba safi kwa siku nzima. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuichambua, akapata hataza yake mwaka uliofuata. Mtu angedhani kwamba kazi ikipungua, utumwa nao ungefifia, lakini mambo yalikwenda kinyume kabisa: kuchambua kulikuwa rahisi, kupalilia na kuvuna hakukuwa rahisi hata kidogo, na kila ekari mpya iliyofyekwa ilidai mikono zaidi. Mwaka 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000. Miaka 70 baadaye idadi yao ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani iliziuza nje.

Kwa hiyo ninaomba msaada katika mambo mawili. La kwanza ni hilo la mwanafunzi wangu: baada ya mwaka 1865, ni nini hasa kilichowafunga watu huru kwenye mashamba yaleyale? La pili ni kujua kilichowatoa huko hatimaye, kwa sababu katika kitabu kimoja nilichonacho imeandikwa kwa sentensi moja tu kwamba “mashine iliwaondoa”, nami siridhiki na sentensi hiyo.

Kibanja

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma sheria ya ardhi hapa Kampala, kwa hiyo mtanisamehe nikianzia kwenye ardhi, kama kawaida yangu.

Mwanafunzi wako ameuliza swali ambalo watu wenyewe walioachiwa huru walikwisha kulijibu kabla vita havijaisha. Tarehe 12 Januari 1865, mjini Savannah, jimbo la Georgia, Jenerali William Sherman, wa jeshi la serikali ya Lincoln, aliwaita wahubiri weusi 20 ili awasikilize. Msemaji wao, mzee Garrison Frazier, alipoulizwa ni kwa njia gani watu wake wangeweza kujitunza, alijibu kwamba njia bora ni kupata ardhi na kuilima kwa jasho lao wenyewe. Siku nne baadaye Sherman alitoa amri namba 15, iliyotenga ukanda wa pwani kuanzia Charleston, South Carolina, hadi mto St. Johns kule Florida, ili familia zigawiwe vipande visivyozidi ekari 40. Watu wapatao 40,000 walihamia huko, wakajenga vibanda na kupanda. Lincoln aliuawa mwezi Aprili, na mrithi wake, Andrew Johnson, kabla mwaka huohuo haujaisha, aliwasamehe wenye mashamba wa zamani na kuagiza warudishiwe ardhi yao. Jeshi lililowakaribisha wakulima wale ndilo lililopewa kazi ya kuwaambia waondoke au wakubali mikataba ya kibarua.

Wakati huohuo sheria ya mwaka 1862 ilikuwa ikigawa ekari 160 za ardhi ya serikali huko Magharibi kwa mtu yeyote aliyestahili na aliyeweza kukaa hapo na kulima kwa miaka 5. Mwaka 1866 sheria kama hiyo ilitungwa kwa ajili ya Kusini, yaani majimbo ya utumwa yaliyokuwa yameasi, lakini sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ilikuwa misitu na mabwawa, na aliyetoka utumwani mikono mitupu hakuwa na ng'ombe wa kulimia wala chakula cha kumfikisha kwenye mavuno ya kwanza.

Sasa tufike kwenye utaratibu unaoutafuta. Mwenye shamba alikuwa na ardhi lakini hakuwa na fedha taslimu za kulipa mishahara; aliyekuwa mtumwa alikuwa na mikono lakini hakuwa na ardhi, wala hakutaka tena kufanya kazi kwa makundi chini ya msimamizi mwenye kiboko. Wakakutana njiani katika kile ambacho ninakiita kilimo cha mgawo. Mwenye shamba alitoa kipande cha ardhi, kibanda, mbegu, jembe la kukokotwa na baghala wa kulikokota. Familia ilitoa kazi ya mwaka mzima. Na pamba ikigawanywa, kwa kawaida nusu kwa nusu. Ukisikiliza haraka unaweza kudhani ni mapatano ya haki.

Tatizo ni miezi kati ya kupanda na kuvuna. Familia haikuwa na kitu cha kula, hivyo ilichukua unga wa mahindi, nyama ya nguruwe, viatu na vitambaa kwa mkopo kutoka kwa mwenye shamba au kwa mwenye duka wa jirani, na dhamana ya mkopo ilikuwa pamba yenyewe ambayo bado haijachanua. Sheria za majimbo zilimpa mkopeshaji haki ya kwanza juu ya mavuno. Bei ya mkopo ilikuwa juu kuliko bei ya taslimu, riba ikawekwa juu yake, na daftari alilishika mkopeshaji.

Nikupe mfano wa kubuni, ambao unaweza kuuandika ubaoni. Familia imevuna marobota 6 ya ratili 500 kila moja, na bei ni senti 8 kwa ratili. Robota moja ni dola 40, yote sita ni dola 240, na nusu ya familia ni dola 120. Tangu Machi walichukua dukani bidhaa ambazo kwa taslimu zingegharimu dola 100, lakini kwenye daftari zimeandikwa dola 130. Mwezi Desemba, siku ya hesabu, baba anaingia ofisini akiwa amevuna pamba ya dola 240, anatoka akiwa na deni la dola 10, na deni hilo linamfunga kulima hapohapo mwaka unaofuata. Akihoji hesabu, anahoji neno la mzungu mbele ya mzungu mwenzake, katika jimbo ambalo yeye haruhusiwi kupiga kura. Kwa Mississippi haki hiyo iliondolewa kwa ujanja mwaka 1890, kwa kodi ya kupiga kura na mtihani wa kusoma katiba.

Na asiyetaka kuingia mkataba? Mwaka 1865 Mississippi ilitunga sheria iliyomtaka kila mtu mweusi awe na uthibitisho wa maandishi wa mahali anapoishi na anapofanya kazi ifikapo Januari ya kila mwaka. Aliyekosa aliweza kushtakiwa kwa uzururaji na kutozwa faini, na akishindwa kuilipa alikodishwa kwa mtu aliyemlipia. Bunge la Washington lilizibana sheria hizo kwa miaka michache, kisha askari wa serikali kuu walipoondoka Kusini mwaka 1877, za namna hiyo zikarudi kwa majina mengine.

Kuhusu babu wa mwanafunzi wako, mwambie kwamba hata hapa kwetu hali ingeweza kuwa hiyohiyo. Mkataba wa mwaka 1900 uliwapa machifu na wakubwa wa Buganda ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kumiliki wao binafsi, na pamba ilipoanza kuleta fedha baadhi yao walizidisha envujjo, ile sehemu ya mazao waliyodai kutoka kwa mwenye kibanja, yaani mkulima aliyekaa kwenye ardhi yao. Sheria ya mwaka 1928 ya busuulu (kodi ya ardhi) na envujjo ndiyo iliyoweka kikomo, na ikazuia mkulima kufukuzwa ovyo. Sisemi kwamba Waingereza walikuwa wema. Walitaka pamba itoke na kodi ilipwe. Lakini sheria ilisimama upande wa anayelima, wakati kule Kusini ilisimama upande wa mwenye daftari. Babu mwenyewe, akiwa Kasese, alikuwa nje ya mailo kabisa.

Binti Busia

Ndugu Kibanja ameeleza vizuri, ila ninaogopa kwamba Mwalimu ataingia darasani na picha yenye rangi moja tu, kwa hiyo ninaongeza mambo mawili.

Wapo waliofanikiwa. Kufikia mwaka 1910 zaidi ya wakulima weusi 200,000 wa Kusini walikuwa wakimiliki mashamba yao, baada ya kununua ekari moja moja kwa akiba ya miaka mingi, mara nyingi ardhi duni au ya pembezoni. Na wengine waliojaribu kuweka akiba waliumizwa na chombo kilichoundwa kwa ajili yao: benki ya akiba ya watu walioachiwa huru ilianzishwa mwaka 1865, ikafilisika mwaka 1874, na wengi wa walioweka fedha zao humo hawakuzipata zote.

La pili ni kwamba kilimo cha mgawo kiliwameza pia wazungu maskini. Bei ya pamba iliposhuka katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, mzungu mwenye ekari zake chache alikopa, akashindwa, akapoteza shamba, akawa mpangaji. Kufikia miaka ya 1930, katika wapangaji wa mashamba huko Kusini, wazungu walikuwa wengi kuliko weusi. Mzungu maskini alikuwa na kura na alikuwa na mahakama, lakini daftari la duka halikumwonea huruma.

Mzee wa Mizani

Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Mimi ni karani mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba huko Busoga. Nilianza kazi mwaka 1968, nikiwa kijana, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mizani. Kibanja amesema daftari, nami ninataka mniruhusu niseme mizani, kwa sababu kabla karani hajaandika chochote kwenye daftari, pamba imekwisha kuning'inia mahali fulani na mtu amekwisha kusoma uzito.

Lakini nianze na jambo ambalo mwanafunzi huyo analihitaji. Pamba ya babu yake na ile ya Marekani zina undugu. Vita vile vya mwaka 1861 vilipoanza, meli za Kaskazini zilizifunga bandari za Kusini, na viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, vikakosa mali. Wafanyakazi wakakaa nyumbani na kula kwa hisani. Misri na India zikafaidika kwa muda. Waingereza hawakuusahau mkasa huo, na mwaka 1902, waliposumbuliwa tena na upungufu, wenye viwanda waliunda chama cha kuendeleza pamba katika makoloni yao. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1903 Kristen Borup, wa Kampuni ya Uganda, alileta mbegu hapa, zikagawiwa kupitia kwa machifu, na mkulima alizipanda kwa sababu kodi ya nyumba ilimsubiri mlangoni. Mwaka 1908 Gavana Hesketh Bell aliamuru mchanganyiko wa aina ukome na ibaki pamba ya asili ya Kimarekani, akapiga marufuku pia vinu vidogo vya mkono ambavyo watu walikuwa wakichambulia nyumbani.

Amri hiyo ya vinu watu huipita haraka, nami ninaiona ndiyo kiini. Tangu siku ile mkulima wa Uganda alikuwa na ardhi na mbegu, lakini hakuwa na njia ya kuuza isipokuwa pamba yenye mbegu kwa mwenye kiwanda, ambaye alikuwa Mwingereza na baadaye zaidi Mhindi. Ghasia za Buganda za mwaka 1949 zilikuwa na madai kadhaa, na mojawapo lilikuwa kwamba wakulima waachwe wachambue na kuuza pamba yao wenyewe. Mwaka 1952, wakati wa Gavana Andrew Cohen, ndipo njia ilipofunguliwa kwa vyama vya ushirika kumiliki viwanda. Kwa hiyo sisi hatukubanwa shambani, tulibanwa getini kwa kiwanda.

Sasa mizani. Ile ya zamani ya mashambani ni fimbo ya chuma iliyoning'inizwa kwenye mti au kwenye miguu mitatu ya mbao. Upande mfupi una kulabu ya kutundikia gunia. Upande mrefu una alama, na juu yake linatembea jiwe la chuma lenye umbo la peasi, ambalo msomaji analisogeza mpaka fimbo ilale sawa. Jiwe likiwa zito kuliko inavyotakiwa, litasawazisha gunia kabla halijafika kwenye alama ya kweli, na uzito utasomeka pungufu. Mkulima anatazama fimbo, anaiona imelala sawa, anaridhika. Mimi mwenyewe, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilikabidhiwa jiwe asubuhi na nikagundua jioni kwamba halikuwa la mizani ile. Nilipouliza niliambiwa nisome tu ninachokiona.

Ndiyo maana habari za Fannie Lou Hamer ziliniingia moyoni. Alizaliwa Mississippi mwaka 1917 katika familia ya watoto 20, akaanza kuchuma pamba akiwa na miaka 6. Kwa kuwa alijua kusoma, mwenye shamba karibu na Ruleville alimfanya mtunza saa, yaani yule anayeandika kazi na uzito wa pamba ya kila mtu. Bi Hamer alijua kwamba jiwe la mizani halikuwa la haki. Mwenye shamba akiwa hayupo, alitumia jiwe lake la haki alilolileta mwenyewe, watu wakapimiwa pamba yao yote. Alifanya hivyo kwa miaka, kimyakimya. Tarehe 31 Agosti 1962 alikwenda mjini Indianola kujaribu kujiandikisha kupiga kura, na jioni hiyohiyo alifukuzwa kwenye shamba alilolifanyia kazi kwa miaka 18.

Mwalimu wa Bwera

Mzee, ahsante sana. Nimelisoma hilo la jiwe mara mbili, na nimemsomea mke wangu pia. Linanirudisha kwenye swali langu la pili. Mwaka 1962 ni karibu miaka 100 tangu watu watangaziwe uhuru, na mwenye shamba anamfukuza mfanyakazi hodari siku hiyohiyo bila kuogopa kukosa wa kuvuna. Je, si kwa sababu mashine ilikwisha kuwapo? Basi huenda kitabu changu kiko sahihi.

Binti Busia

Mwalimu, kitabu chako kiko sahihi kuhusu mwisho wa safari, na kinapotosha kuhusu mwanzo wake. Ukipanga miaka kwa utaratibu utaona kwamba watu walianza kuondoka karibu miaka 30 kabla ya mashine.

Kwanza alikuja mdudu. Fukusi wa vitumba vya pamba alivuka kutoka Mexico na kuingia Texas karibu mwaka 1892. Jike hutoboa tumba changa na kutaga humo, buu hula kutoka ndani, na tumba huanguka. Alisonga mashariki mwaka hadi mwaka, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1920 alikuwa amelifikia karibu eneo lote la pamba. Mwenye duka akaogopa kukopesha kwa dhamana ya pamba ambayo huenda isionekane, na mfumo wote alioueleza Kibanja ukatikisika. Mji wa Enterprise, Alabama, ulihamia kwenye karanga na kupata faida kubwa kiasi cha kumjengea fukusi sanamu mwaka 1919. Hadi leo ipo, na ninakiri kwamba ninaipenda kwa kejeli yake.

Kisha ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914. Wahamiaji kutoka Ulaya waliokuwa wakijaza viwanda vya Kaskazini walikatika ghafla, wakati ambapo oda za vita zilikuwa zikiongezeka. Machinjio ya Chicago, viwanda vya chuma vya Pittsburgh na vya magari vya Detroit vikatafuta mikono Kusini. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert S. Abbott mwaka 1905, liliandika wazi kuhusu mishahara ya Kaskazini na kuhusu watu waliouawa na makundi ya wazungu huko Kusini, na wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala walilibeba kwenye treni hadi miji ambayo wakubwa wake hawakutaka lionekane. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na watu weusi wapatao 44,000. Mwaka 1930 walikuwa wapatao 234,000. Hapakuwa na mashine yoyote ya kuvunia pamba iliyokuwa ikiuzwa wakati huo.

Tatu, na hili linasahauliwa sana, serikali yenyewe iliwasukuma. Bei ya pamba ilipoanguka hadi karibu senti 6 kwa ratili mwanzoni mwa miaka ya 1930, sheria ya mwaka 1933 iliwalipa wakulima ili wapunguze ekari. Malipo yalipitia kwa mwenye ardhi, ambaye alitakiwa amgawie mpangaji. Wengi waliona ni rahisi zaidi kumwondoa mpangaji na kubaki na fedha yote, kisha baadhi yao wakazitumia kununua trekta. Mwezi Julai 1934, huko Tyronza, Arkansas, wapangaji weusi na wazungu waliunda chama kimoja cha kupinga kufukuzwa, jambo ambalo kwa mahali pale na wakati ule lilikuwa la hatari kubwa.

Mashine ndipo inapoingia. Mwaka 1944, karibu na Clarksdale, Mississippi, katika shamba la Hopson, umati wa watu ulikuja kutazama mashine nyekundu za kampuni ya International Harvester zikivuna. Mtu mzoefu alichuma takriban ratili 20 kwa saa. Mashine moja ilichuma takriban 1,000. Lakini tazameni kwamba walioiharakisha walikuwa na sababu: vijana walikuwa vitani au wamekwenda viwandani, na wenye mashamba walikuwa wakilalamikia uhaba wa watu. Kwa hiyo kuondoka kwa watu kuliita mashine, na mashine ilipofika ikawaondoa waliobaki. Hata hivyo haikuwa siku moja. Kuvuna kulipata mashine, kupalilia kukabaki kazi ya jembe, na familia ziliendelea kuhitajika miezi ya Mei na Juni mpaka dawa za kuua magugu zilipoenea katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 karibu pamba yote ya Marekani ilivunwa kwa mashine. Jumla ya watu weusi wapatao milioni 6 waliondoka Kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970. Mwanzoni karibu 9 katika kila 10 waliishi huko, mwishoni nusu tu na kidogo zaidi.

Kibanja

Dada amenifungua macho kuhusu magugu; sikuwahi kufikiri kwamba jembe la palizi lilichelewesha historia. Ninaongeza neno moja kwa Mwalimu. Tarehe ya Bi Hamer inaeleweka zaidi hivi: mwaka 1900 mwenye shamba aliwazuia watu wasiondoke, kwa deni na kwa sheria ya uzururaji, mwaka 1962 aliwafukuza, na kufukuza kukawa silaha dhidi ya kura, maana waliodai haki walikuwa walewale ambao shamba halikuwahitaji tena. Sheria ya haki ya kupiga kura ilipopitishwa mwaka 1965, wengi ambao ingewafaa walikuwa wamekwisha kuhamia mijini, Chicago na Detroit, ambako walikuwa na kura lakini viwanda navyo vilikuwa vimeanza kupunguza watu.

Mwalimu wa Bwera

Nimewaandikia wanafunzi mfano wa marobota 6 ubaoni leo asubuhi. Binti yule alimaliza hesabu kabla ya wote, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama familia ile iliruhusiwa kununua kwenye duka jingine. Nilimjibu kwamba mara nyingi haikuwezekana, kwa sababu duka jingine lisingekopesha mtu ambaye mavuno yake tayari yamewekwa rehani. Jumatatu ningependa kuwaonesha mizani. Mzee, nimeazima ile ya fimbo kwa mnunuzi wa kahawa hapa sokoni. Je, nitalitambuaje jiwe lisilo la haki?

Mzee wa Mizani

Mwalimu, usilitazame jiwe, halitakwambia kitu. Chukua mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, wenye kilo 50 zilizoandikwa ubavuni, uutundike kwenye kulabu, kisha mwite binti huyo asogeze jiwe mwenyewe na asome namba kwa sauti. Ikisomeka 50 kasoro kidogo sana, mizani ni nzima. Ikisomeka 44, mrudishie mwenye mizani kwa adabu, na mwambie mkeo asimuuzie kahawa huyo.